Saa 5,000 hewani si lazima ziwe saa za kufundisha

Ndugu, umeuliza kama mwalimu wa urubani mwenye saa 5,000 atakufaa pale Kajjansi, uwanja mdogo wa ndege kati ya Kampala na Entebbe. Namba hiyo peke yake haisemi kitu. Fungua kitabu chake cha safari uone ngapi alikuwa anafundisha, na ngapi kwenye ndege ndogo ya injini moja. Mtu anaweza kujaza maelfu akiwa amewasha otopailoti, yaani mtambo unaoiendesha ndege wenyewe. Leseni ya urubani wa kibiashara, idhini ya ualimu na cheti cha afya viwe hai, basi.

Kisha mpime kwa maswali. Entebbe iko karibu futi 3,780 juu ya bahari. Joto likifika digrii 28, ndege inapaa kana kwamba iko zaidi ya futi 6,000. Akukokotolee umbali ambao ndege itahitaji kukimbia hadi iruke mkiwa wawili na tangi limejaa. Muulize pia barafu ya kabureta, yaani barafu inayoganda kwenye kifaa kinachochanganya mafuta na hewa ya injini, maana hewa ya ziwani ina unyevu: ukivuta joto la kabureta, yaani kitasa cha kuingiza hewa ya moto humo, mizunguko ya injini inashuka, injini inaweza kukohoa kidogo, halafu mizunguko inapanda barafu ikiyeyuka. Wanafunzi wengi hushtuka hapo wakakirudisha kitasa mapema. Asiyekwambia ukiache wazi mpaka barafu iyeyuke, mwache.