Nyumba ya Lahaina: usimsikilize dalali, na usingoje king'ora

Usisaini mkataba huo. Umeandika kwamba umepata kazi katika hoteli ya Kaanapali, kwamba dalali amekutafutia nyumba upande wa juu wa Lahaina, mji wa kisiwa cha Maui huko Hawaii, Marekani, yenye uwanda wa majani makavu nyuma yake, na kwamba ulipomwuliza habari za moto alikutuliza kwa kusema kuwa zimamoto wako karibu na hatari ikitokea king'ora kitalia. Maneno hayo ndiyo niliyoambiwa na msimamizi wa nyumba niliyokuwa nimepanga katika mji huo mwaka 2023, mwaka ulipoteketea kwa moto, tena alikuwa na sauti ya mtu aliyeshuhudia ving'ora vikitengenezwa.

Alfajiri ya tarehe 8 Agosti umeme ulikatika, na upepo ulikuwa ukibandua mapaa na kulaza nguzo. Baada ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi moto uliwaka karibu na barabara ya Lahainaluna, na watu wa mitaa ya jirani wakaambiwa waondoke. Mimi nilichukua mkoba wangu wenye pasipoti, kadi ya ukaazi, vyeti vya chuo na hati ya kiwanja cha familia, nikauweka garini. Hadi hapo hakuna aliyekuwa na akili kunizidi. Kwenye saa tatu ikatangazwa kwamba moto umedhibitiwa kwa asilimia 100, na msimamizi wetu akapita mlango kwa mlango akituambia tukapumzike, kwa sababu mambo yakiharibika king'ora tutakisikia. Gari lilikuwa juani, vyeti vyangu vilikuwa vimefunikwa kwa plastiki, nami nikahofia kwamba vitajikunja kwa joto. Nikautoa mkoba, nikaupandisha juu ya kabati, nikalala.

Uchunguzi uliotolewa Oktoba 2024 na idara ya zimamoto ya Maui pamoja na wachunguzi wa serikali kuu ya Marekani ulieleza kwamba moto wa alasiri ulikuwa ni ule ule wa asubuhi: nyaya zilizokatika zilipitishiwa umeme tena zikawasha majani, wazimamoto wakauzima kadiri walivyoona, wakaondoka, na makaa yaliyobaki yakafufuliwa na upepo muda mfupi kabla ya saa tisa. Mimi niliamshwa na harufu. Kisiwa cha Maui kina ving'ora vipatavyo 80 na hakuna hata kimoja kilichopigwa. Ofisa aliyesimamia masuala ya dharura alisema baadaye kwamba ving'ora hivyo hutumika zaidi kwa ajili ya tsunami, na kwamba watu wangekimbilia mlimani, yaani motoni. Alijiuzulu siku chache baadaye. Onyo lilitumwa kwenye simu, lakini simu yangu, kama za wengi, haikuwa na mtandao.

Moshi ulipojaa chumbani sikuliona tena kabati. Nilitoka na ndala, simu, na rimoti ya televisheni, ambayo mpaka leo inafanya kazi vizuri sana, isipokuwa televisheni yenyewe haipo. Niligeuza gari kuelekea kaskazini kabla foleni haijafunga kabisa. Waliokwama Front Street, barabara ya kando ya bahari, waliyaacha magari yao na kuruka ukuta wa ufukweni, wakakaa majini kwa saa nyingi huku vinga vikiwaangukia. Watu 102 walikufa, wengi wao wazee, na majengo zaidi ya 2,200 yaliteketea.

Sasa nikueleze gharama ya ule mkoba, kwa sababu hakuna atakayekueleza. Kila dirisha la msaada nililokwenda liliomba kitambulisho kwanza. Ili nipate kadi mpya ya ukaazi nilitakiwa kuonyesha pasipoti, na ili nipate pasipoti nilitakiwa kuonyesha vyeti vilivyokuwa majivu. Baba yangu mdogo alifariki Morogoro katika kipindi hicho, nami sikuweza kusafiri kwenda kumzika, kwa kuwa ningetoka nisiweze kurudi. Yule msimamizi alinitumia ujumbe wa pole, na chini yake akauliza kama nimebaki na funguo.

Umeuliza kama mji uliunguzwa na mabadiliko ya tabianchi au na nguzo za umeme. Mbona unavitenganisha? Cheche ilitoka kwenye nyaya. Kilichoungua kwanza ni majani yaliyotwaa mashamba ya miwa baada ya kiwanda cha sukari cha Pioneer Mill kufungwa mwaka 1999, na usishangae ukiyaona ukayatambua, kwani jani la Gini na mengine ya aina yake ni ya kwetu Afrika na yalipelekwa huko kuwa malisho. Majani hayo hurefuka upesi wakati wa mvua, kisha hukauka yakiwa yamesimama. Upepo ulitokana na mgandamizo mkubwa wa hewa kaskazini ya visiwa wakati kimbunga Dora kikipita mbali kusini, na huo sithubutu kuupachika moja kwa moja kwenye ongezeko la joto duniani. Lakini mvua za Hawaii zimekuwa zikipungua kwa muda mrefu, hewa yenye joto zaidi hunyonya unyevu wa majani kwa kasi zaidi, na siku ile sehemu hiyo ya Maui ilikuwa katika ukame. Isitoshe, Agosti 2018, kimbunga Lane kilipokaribia, moto uliteketeza nyumba 21 hapo hapo Lahaina. Walioishi pale walikuwa wamekwisha kuona mfano, na bado majani yakaachwa.

Kwa hiyo siku idara ya hali ya hewa itakapotoa onyo la upepo na ukavu, kama ilivyotoa tarehe 7 Agosti, ondoka siku hiyo hiyo, mkoba ukiwa garini na gari likiwa limeelekezwa barabarani, wala usirudi kwa tangazo la mtu yeyote mpaka upepo utulie. Ukionekana mwoga kazini, vumilia. Usingoje king'ora, usingoje msimamizi, usingoje jirani aondoke kwanza. Nakala za hati zako ziweke pia kwa ndugu anayeishi mbali, asiwe wa Maui.

Kabla ya yote, mtake dalali akupigie picha ya upande wa nyuma wa nyumba, si ule unaotazama bahari, kisha umwulize kwa maandishi uwanda ule ni mali ya nani na nani anaufyeka. Picha hiyo iweke hapa nami nitakuambia ninavyoiona.