Jibu: Kwa nini mahakama inakaa katikati ya mji?
Mkuu, umeuliza kwa nini miji midogo ya Marekani ina mahakama ya kaunti katikati, maduka yakiizunguka pande zote nne. Ramani hiyo huhusishwa sana na Shelbyville, Tennessee, mji uliopimwa mwaka 1810. Ikaenea hadi Texas. Mkulima alifunga farasi, akasajili hati ya shamba, akalipa kodi, akavuka barabara kununua chumvi. Wafanyabiashara waliligombania eneo hilo, na hapo usishangae! Ila pasipambwe mno: Kusini, watumwa walinadiwa kwenye ngazi za mahakama nyingi. Na hapo hapo Shelbyville, mwaka 1934, kundi lililotaka kumuua mtuhumiwa Mweusi liliichoma mahakama yenyewe.