Kabla Hujaamini Ripoti: Kwa Mchambuzi Mpya wa Usalama

Ukiingia kwenye kazi hii utafundishwa mapema kupanga madaraja: herufi A hadi F kwa kuaminika kwa chanzo, yaani aliyeleta habari, na namba 1 hadi 6 kwa ukweli wa taarifa yenyewe. Usivichanganye hata siku moja. Mtu tuliyemwamini miaka mingi anaweza kuleta uvumi, na mwongo anayejulikana akaleta jambo la kweli. Swali langu la kwanza huwa: huyu amejuaje? Ameona, ameambiwa, au anakisia?

Soma kwa makini kisa cha mkimbizi wa Iraki aliyepewa jina la siri Curveball. Aliwaambia majasusi wa Ujerumani kuwa kuna maabara za silaha za kibiolojia zinazotembezwa kwa malori. Kabla ya vita vya Iraki, majasusi wa Marekani hawakupata nafasi ya kumhoji wenyewe, lakini tarehe 5 Februari 2003 madai yake yalisomwa na Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati huo, mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Ripoti zilizotokana naye zilikuwa nyingi, mdomo ulikuwa mmoja. Mwaka 2011 alikiri hadharani kwamba alitunga. Kwa hiyo ukikuta ripoti tano zinakubaliana, fuatilia kila moja mpaka ujue ilianzia kwa nani.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni imani zetu kuhusu kile ambacho nchi yenye akili timamu haiwezi kufanya. Mwaka 1973 wakuu wa ujasusi wa kijeshi wa Israeli waliamini kuwa Misri haitaingia vitani mpaka ipate ndege na makombora ya kufika ndani kabisa ya Israeli. Hoja hiyo ilikuwa na mantiki. Basi askari walipojazana kando ya Mfereji wa Suez, ikasemwa ni mazoezi. Familia za washauri wa Kisovieti zilipoondolewa ghafla, likatafutwa la kusema. Tarehe 6 Oktoba, saa nane mchana, Wamisri wakavuka. Rais wao, Sadat, hakuwa amepoteza akili: alitaka vita yenye mipaka, itakayofungua mlango wa mazungumzo. Waliomchambua walimpimia hesabu isiyo yake.

Saddam Hussein, aliyekuwa mtawala wa Iraki, naye alihojiwa baada ya kukamatwa, akaeleza kuwa hakutaka Iran ijue udhaifu wake, yaani kwamba silaha zile hakuwa nazo. Kwetu kuficha kulimaanisha ana silaha. Kwake kulikuwa kinga dhidi ya jirani. (Hapa wengi hukimbilia kumwita mtawala mwendawazimu. Neno hilo halikusaidii kutabiri chochote.)

Kwa hiyo ukiandika tathmini, taja waziwazi juu ya ukurasa: tunaamini mpinzani anataka nini, anaogopa nini, na dalili gani zikionekana tutaiacha imani hiyo. Dalili hizo ziandike kabla ripoti hazijaanza kumiminika, na umpe nakala mwenzako asiyekubaliana nawe.