Papasa mpira wa zamani kabla hujautupa

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Subaru Forester ya mwaka 2004, ya tabo (ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini), injini EJ205. Niliinunua mkononi mwa mtu hapa Arusha. Asubuhi sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka yenyewe, na nikipandisha zile kona za Mto wa Mbu kwenda Karatu gari linakosa nguvu na kutoa moshi mweusi. Taa ya injini imewaka, mashine ikasoma P0171. Fundi mmoja kasema tabo imekufa, ninunue nyingine. Mwingine kasema ni mipira ya vakyumu tu, ile ya kupitisha mvuto wa hewa, na kwamba naweza kuibadilisha mwenyewe nyumbani. Nimsikilize nani?
Msomaji wa Sakina, Arusha

JIBU: Marahaba. Anza na huyo wa pili. Tabo ikitaka kufa mara nyingi huaga: hulia kama king'ora, au ekzosi hutoa moshi wa bluu wa oili. Wewe hujataja hata kimoja. Ulizotaja ni dalili mbili zinazoonekana kugombana, maana P0171 ni hewa kuzidi petroli, na moshi mweusi ni petroli kuzidi hewa. Nadhani hapo ndipo mwenzangu alipopotea.

Hazigombani. Gari lako lina sensa inayopima hewa pale kwenye boksi la chujio, na kompyuta inatoa petroli kwa kufuata kipimo hicho. Injini ikiwa sailensi, ndani ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye injini) kuna mvuto, kwa hiyo mpira wenye ufa unanyonya hewa ya mlango wa nyuma ambayo sensa haikuiona. Ukikanyaga na tabo ikaanza kusukuma, ufa uleule unatoa nje hewa iliyokwisha kupimwa, na petroli yake imeshaingia. Ndiyo moshi wako wa Karatu. Mpira uliokaa miaka ishirini jirani na joto la tabo unakuwa kama tambi mbichi, ukiukunja unakatika.

Kazi ya nyumbani inawezekana. Gari lilale usiku kucha lipoe, kisha toa intakula, rejeta ya kupoza hewa ya tabo, ile iliyolala juu ya injini chini ya tundu la boneti. Hapo utaiona tabo upande wa dereva na mipira myembamba imeizunguka. Piga picha kwa simu pembe zote. Halafu badilisha mmoja, umalize, ndipo uguse wa pili. Usifungue yote kwa mkupuo hata kama mkono umeshakolea kazi.

Nalisema hili kwa sababu liliwahi kunitoa jasho. Miaka yangu ya mwanzo gereji nilibadilisha mipira yote ya Subaru ya mteja, nikakata mipya kwa urefu uleule, kazi ikapendeza kwa macho, ya zamani nikaitupa pipani. Kesho yake gari likarudi, sailensi imetulia kabisa ila mlimani halivuti. Nilihangaika nalo siku mbili. Mzee aliyenifundisha kazi akaja, akaniuliza neno moja tu: "Kishaba kiko wapi?" Sikumwelewa. Ndani ya ule mpira mfupi unaotoka kwenye tabo kwenda kwenye kiungo cha njia tatu kuna kipande kidogo cha shaba chenye tundu jembamba. Kazi yake ni kubana upepo unaokwenda kufungua mlango wa kupunguzia nguvu ya tabo. Kikikosekana, upepo unafika mwingi, mlango unafunguka mapema, tabo haijazi. Nilikwenda kuchakura pipa la taka mbele ya mteja. Nilikipata katikati ya maganda ya ndizi.

Kwa hiyo kila mpira unaoutoa, upapase kwa vidole urefu wake wote. Ukihisi kigumu ndani, pasua taratibu kwa wembe, kitoe, kirudishe mahali palepale kwenye mpira mpya. Na mpira unaokwenda kwenye huo mlango ukichomoka au kupasuka, mambo yanageuka: tabo inajaza kupita kiasi na kompyuta inakata petroli ghafla, gari linashtuka kama limepigwa teke. Hilo likikupata baada ya kazi, zima, rudi ukaangalie hapo kwanza.

Mpira uliogandia usiuvute, ncha za plastiki ulikochomekwa zitavunjika. Uzungushe kwanza. Ukikataa, uchane kwa urefu, wembe usiguse ncha hizo. Kujua kipenyo, chomeka mkia wa biti ya drili ndani ya mpira wa zamani. Mingi midogo itakubali milimita 4, lakini pima kila mmoja, maana ipo minene. Mpya ukikataa kuingia, uchovye kwenye maji ya moto. Usipake grisi, siku tabo ikisukuma utachomoka.

Dukani utaonyeshwa mipira ya silikoni, myekundu na ya bluu. Inastahimili joto na mimi naitumia kwenye vakyumu, mradi iwe minene. Myepesi hubonyea ikivutwa, njia ikaziba. Ila mipira inayopitisha mvuke wa oili kutoka ndani ya injini, na ya petroli, usiiwekee silikoni ya kawaida. Oili inailainisha na kuivimbisha. Kwa hiyo mipira nunua mweusi wa kustahimili oili, na wa petroli uwe wa kustahimili petroli. Na ile mipira ya dripu ya hospitali ninayoikuta kwenye magari ya watu, jamani! Karibu na tabo inayeyuka kama ubani.

Mpira mnene unaokwenda kwenye busta ya breki una vali ya njia moja. Angalia mshale wake kabla ya kuutoa; ukiigeuza, kanyagio litakuwa gumu kama jiwe. Na ule wa kwenye regyuleta ya petroli, kifaa kinachodhibiti msukumo wa petroli, uunuse. Ukinuka petroli, kasoro ni regyuleta yenyewe imepasuka ndani, mpira mpya hautasaidia.

Ukimaliza, washa. Chukua kipande cha mpira kama mita moja, ncha moja sikioni, nyingine pitisha penye viungo, mbali na feni na mikanda. Panapovuja utasikia mluzi. Usipulize petroli wala kemikali ya kabureta karibu na tabo ya moto ili kutafuta uvujaji. Nimeona moto ukiruka hivyo.

Liko bomba moja ambalo sikushauri uliguse nyumbani, lile linalopita chini ya manifoldi kupeleka hewa kwenye tabo. Nalo hupasuka, na likipasuka huleta P0171 hiyohiyo. Kama mipira yote ni mipya na taa imerudi, hilo mpelekee fundi, na umwambie umeshafanya nini.

SWALI: Nimefunga geji kwenye Subaru yangu hapa Nairobi. Ikiwa sailensi inasoma vakyumu ya inchi 15 za zebaki. Ya binamu yangu aliye Mombasa, gari aina moja na langu, inasoma 20. Mipira yangu inavuja?
Msomaji wa Nairobi

JIBU: Si lazima. Binamu yako yuko usawa wa bahari, wewe uko kama mita 1,700 juu, na hewa ya huko ni nyepesi. Kila mita 300 unazopanda, geji hupoteza karibu inchi moja. Toa hesabu, utaikuta 15 yako hapohapo. Wasiwasi uje mshale ukitetemeka au ukishuka siku hadi siku. Mkienda Mombasa sikukuu, iangalie tena ukifika.