Mzee anaweza kumtoa kijana wake wa miaka 29 kwenye nyumba yake?

Anaweza, mama, ilimradi nyumba ni ya mzee mwenyewe. Kwa Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 mtoto ni aliye chini ya miaka 18; huyo wa 29 anakaa kwa ridhaa ya baba tu, na ridhaa inaondolewa. Ila asibadilishe kitasa usiku. Jirani yetu Mbagala alifanya hivyo, godoro na begi la nguo akaviweka barazani, asubuhi kijana akaja na askari akidai pesa zilikuwa ndani ya begi. Jirani ndiye aliyekaa siku nzima kituoni akiandika maelezo.

Ampe barua yenye tarehe ya kuondoka, nakala kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Akigoma, waende Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya 2021 kata inasuluhisha tu, haiamui; zikipita siku 30 bila muafaka, shauri linafunguliwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nimezungushwa huko na kesi ya kiwanja, kwa hiyo mwambie abebe hati au karatasi za mauziano tangu siku ya kwanza.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokwama: kama nyumba ilikuwa ya marehemu mama yake kijana na mirathi haijafungwa, kijana ni mrithi, si mgeni. Hapo baba aanzie mahakamani kwenye mirathi kwanza.