Gitaa kubwa linaniumiza bega: nitafute shingo nyembamba?

SWALI: Assalaam alaykum, fundi. Mimi niko Wete. Huu mwaka wa pili napiga gitaa la waya aina ya dreadnought, nililoletewa na kaka yangu kutoka Dar es Salaam. Napiga kwa vidole, zaidi nyimbo za taarabu za zamani, nikimsindikiza babu anayepiga udi. Ikifika nusu saa bega la kulia linauma, na nikishika kodi ya F (zile sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, chord) kidole cha shahada kinakufa ganzi. Rafiki mmoja ananambia nitafute gitaa lenye shingo nyembamba, mwengine anasema gitaa dogo halina sauti. Na kuna jambo linanishangaza: udi wa babu una tumbo kubwa kuliko gitaa langu, mbona nikiupakata hauniumizi?

JIBU: Waalaykumu ssalaam, mwanangu. Nianze na hilo la udi, maana ndani yake limo jibu la bega lako.

Mgongo wa udi ni mviringo. Ukiupakata, mviringo ule unazama tumboni mwako na mkono wa kulia unateremka juu yake bila kukutana na kona yoyote. Gitaa halina huruma hiyo. Uso wake bapa, mgongo wake takriban bapa, na mbavu zimesimama wima baina yao. Dreadnought ina mbavu za kina cha sentimita 12 hivi upande wa chini, na tumbo lake hapo lina upana wa karibu sentimita 40. Mkono wako unalazimika kuuparamia ukingo ule ndipo ufikie nyuzi, na muda wote huo bega limenyanyuka. Tena kiuno chake ni kipana, kwa hivyo halizami pajani, linakaa juu. Hapana bega litakalostahamili hayo kila siku.

Jina lenyewe linaeleza. Dreadnought ilikuwa manowari ya Waingereza iliyoshushwa baharini mwaka 1906, na miaka kumi baadaye kiwanda cha Martin cha Marekani kikalipa jina hilo gitaa lake kubwa. Ni chombo kizuri kwa mtu anayechapa nyuzi zote sita kwa nguvu huku anaimba. Wewe unadonoa kwa vidole pembeni ya udi. Kazi yako nyengine kabisa.

Sasa hilo la gitaa dogo kukosa sauti. Umewahi kuliangalia sanduku la kidumbaki kwa karibu? Kamba moja, fimbo moja, na sanduku la mbao. Kamba ukiifunga kwenye fimbo tupu, husikii kitu. Ukiiunganisha na sanduku, mtaa mzima unacheza. Gitaa ni vivyo hivyo: uzi unautikisa ubao wa uso kupitia daraja, kile kipande kilichogandishwa usoni zinakofungwa nyuzi, na ubao ndio unaosukuma hewa. Ndani ya uso umepigwa vijiti vya kuushikilia, kama mataruma ndani ya jahazi. Vikiwa vinene, uso unakuwa imara lakini bubu. Vikiwa vyembamba mno, uso unafura na daraja linang'oka. Hapo katikati ndipo penye ufundi.

Mhispania Antonio de Torres alilithibitisha hili mwaka 1862. Alitengeneza gitaa lenye uso wa mbao nzuri, lakini mgongo na mbavu akaziunda kwa kadibodi, kuonesha kwamba sauti inatoka usoni. Kwa hiyo muuzaji akikusifia mgongo wa mbao ya fahari, usimlipe kwa sifa hiyo. Mkangazi unatosha, na mninga nimeuona ukifanya kazi nzuri. Uso ndio wa kuuliza: ni ubao mzima wa sprusi au mwerezi, au ni plaiwudi?

Ukubwa wa tumbo unagusa zaidi besi. Hewa iliyomo ndani ina mlio wake, kama chupa unapoipulizia mdomoni. Lete mdomo karibu na tundu la gitaa lako, uvume taratibu ukishusha sauti. Pahala fulani, karibu na hezi 100 (mitikisiko 100 kwa sekunde), utahisi tumbo zima linakuitikia. Hapo ndipo gitaa linapoipa besi nguvu. Tumbo likipungua, mwitikio ule unapanda kidogo na besi inakuwa nyepesi, lakini uso mdogo na mwepesi unaamka kwa mguso mdogo wa kidole na kila uzi unasikika peke yake. Ukipiga pamoja na udi, besi nzito ya dreadnought inamfunika babu. Mimi hapo ningechagua dogo bila ya kusita.

Tuje kwenye kidole. Rafiki yako wa shingo nyembamba anakutakia mema, lakini shingo nyembamba haitaliponya hilo. Shingo nyingi za gitaa la waya zina unene wa milimita 20 hadi 23 kule mwanzoni. Ikikondeshwa mno, dole gumba linakosa pa kujitegemeza, na mkono unabana zaidi. Ganzi ya F, mara nyingi, chanzo chake ni kimo cha nyuzi.

Fanya jaribio hili leo. Shika umbo lile lile la F, lakini kilaze kidole kwenye freti ya tano (freti ni vile vyuma vinavyokata shingo). Ikiwa huko ni rahisi na freti ya kwanza ni mateso, tatizo ni kijifupa cha kichwani, pale nyuzi zinapoingia shingoni: mifereji yake haikuchimbwa vya kutosha. Viwanda vya bei rahisi huiacha juu makusudi ili nyuzi zisikwaruze freti. Bana uzi kwenye freti ya tatu, kisha tazama nafasi iliyobaki juu ya freti ya kwanza. Pawe na upenyo mdogo tu, kama unene wa karatasi. Ukiona mwanga mpana, mpelekee fundi mwenye tupa nyembamba. Usijaribu mwenyewe kwa msumeno, maana mfereji ukizidi kina, uzi utakwaruza na kijifupa kitabidi kitengenezwe upya.

Kisha pima freti ya 12. Chukua rula ya plastiki, ikate mpaka alama ya sifuri iwe ukingoni kabisa, uisimamishe juu ya freti chini ya uzi mnene. Gitaa la waya likiwa sawa linasoma milimita 2.5 hivi, na uzi mwembamba karibu 2. Mengi yanayonifikia hapa Unguja yanasoma 4. Kama shingo imepinda kwa kuvutwa na nyuzi, kile chuma cha ndani ya shingo kinakazwa kwanza, robo duru kwa mara moja. Kilichobaki kinatolewa kwenye kijifupa cha darajani, na hesabu yake ni nyepesi: freti ya 12 iko nusu ya njia, kwa hivyo ukitaka kushusha milimita 1 hapo, unasugua milimita 2 darajani. Sugua upande wa chini wa kijifupa, usiuharibu mviringo wa juu.

Usisahau masika. Magitaa mengi hutengenezwa katika unyevu wa asilimia 45 hadi 50, na hewa ya visiwani kwetu iko juu ya hapo sana. Mbao hunywa maji, uso hufura nyuma ya daraja, nyuzi hupanda. Usilitundike kwenye ukuta wa mawe na chokaa. Liweke ndani ya mkoba wake pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, uvibadilishe vikishalowa.

Jambo jengine rahisi: badilisha nyuzi kabla ya kubadilisha gitaa. Ukitoka seti ambayo uzi wake mwembamba una unene wa inchi 0.012 ukaenda ya 0.011, mvuto wa uzi wa kwanza peke yake unapungua kwa asilimia 16 hivi. Urefu wa uzi nao unasaidia, lakini kidogo. Dreadnought ina milimita 645 toka kijifupa mpaka kijifupa. Magitaa ya umbo la 000, lililo dogo kuliko dreadnought, mara nyingi yana 632, na mvuto wake unapungua kwa asilimia 4. Baina ya mwanzo wa shingo na freti ya nne unaokoa chini ya milimita 3 za kutanua vidole.

Siku utakapokuwa na fedha, tafuta hilo la 000, ikiwezekana lile ambalo shingo inakutana na tumbo kwenye freti ya 12 badala ya 14: daraja linasogea katikati ya uso na sauti inapata ujoto. Mbavu zake ni za sentimita 10 na nusu hivi, na bega litaijua tofauti hiyo siku ya kwanza. Shingo iwe na upana wa milimita 44 au 45 mwanzoni. Kwa mpigaji wa vidole, 43 inabana. La nyuzi za nailoni linaoana na udi vizuri zaidi, ila shingo yake ni bapa na ina milimita 52. Jaribu F juu yake kabla ya kutoa hata shilingi. Na ukilinunua, usilivishe waya kamwe. Nailoni zinavuta kilo 40 hivi kwa jumla, waya zinapita 70. Nililetewa moja lililofanyiwa hivyo: daraja lilikuwa limeondoka na kipande cha uso.

Nipimie hizo namba mbili, freti ya kwanza na ya 12, uniandikie. Ukilileta kwa meli, legeza nyuzi kidogo lakini usizitoe, wala usiliweke juani kwenye sitaha.