Chakula cha sahani saba: nenda, ila uliza kwanza

Ndugu yangu, umesema unataka kumpeleka mkeo mkahawa wa juu ya paa Mji Mkongwe, menyu ya sahani saba za viungo, na unaogopa mtatoka na njaa. Hamtatoka na njaa. Sahani ni ndogo kweli, tonge mbili tatu, lakini huja taratibu kwa saa mbili au tatu. Kosa langu mara ya kwanza lilikuwa kuushambulia mkate. Ilipofika pweza wa nazi nilishavimbiwa.

La muhimu zaidi: unapoweka nafasi, waulize waziwazi kama kuna mvinyo ndani ya mchuzi, na jelatini, ile inayogandisha kitamutamu, imetokana na nini. Usingoje ukae mezani. Mpishi huandaa mapema, na ukimwambia siku mbili kabla atakubadilishia. Uliza pia kama bei imejumuisha vinywaji na kodi, hapo ndipo watu huumbuka.

Uma na visu vingi visikutishe, anza na vya nje. Magharibi huku huingia kati ya saa kumi na mbili na saa moja, basi salini kwanza.

Halafu onjeni kwa makini. Kungumanga na basibasi hutoka tunda moja: ile ni kokwa, hii ni utando mwekundu unaoifunika, na ladha zao ni mbali mbali. Mkeo akizitofautisha kabla yako, mkubali tu.